Komba wa Nambunga hajaonekana

Mwaka 1952 uliingia ugonjwa katika vijiji vya uwanda wa Makonde ambao wazee hawakuwa na jina lake. Mtu alilala mzima, akaamka hawezi kusimama wima. Magoti, viwiko na vifundo vya mikono, vyote vimekaza. Akitoka nje anatoka amejikunja kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Watu wakaupa jina kwa lugha yao wenyewe, jina lenye maana ya kupindika, na jina hilo limezunguka dunia: chikungunya. Leo linatamkwa India, Brazili na Italia na watu wasiojua Newala, mji wa uwanda huo, iko upande gani wa ramani.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. Chanzo cha ugonjwa kilifuatiliwa na W. H. R. Lumsden, mtafiti kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955, na mojawapo ya majibu lilikuwa ndani ya nyumba, kwenye kona yenye kivuli, ndani ya mtungi. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua yote. Juu hakuna mto wala kijito. Maji yanazama, yanatembea chini kwa chini, kisha yanachomoza miguuni mwa mlima, mahali kama Ndanda, ambako Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1906 na ambako hadi leo chemchemi ndizo fahari ya mji. Enzi hizo mwanamke wa juu alishuka mteremko na mtungi mtupu, akapanda nao umejaa. Maji yaliyotafutwa kwa jasho kama hilo hayamwagwi ovyo. Yalihifadhiwa siku nyingi, na mbu wakapata pa kutagia.

Katika kazi hizo hizo za uwandani, mwaka 1953, mahali panapoitwa Nambunga karibu na Kitangari, Lumsden alimpata komba mdogo. Mdogo hasa. Komba wa aina ile ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na korosho ghafi kumi na mbili. Alikaushwa, akafungiwa kikaratasi chenye mahali na mwaka, akapelekwa makumbusho. Homa ilipopita, watafiti wakarudi makwao, na sidhani kama kuna aliyemfikiria tena mnyama yule kwa muda mrefu.

Makala hii ni yake, na ya watu wachache waliotoa usiku wao kumtafuta.

Wa pili kumkamata alikuwa mtu ambaye Newala bado ina visa vyake. Constantine John Philip Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki aliyezaliwa mwaka 1901, alianza Afrika kama jangili wa tembo na akaishia upande wa pili wa sheria, ofisa wa wanyamapori aliyekaa Liwale na kuwa miongoni mwa walioipanua Selous mpaka ikawa pori linalotajwa duniani. Baada ya kazi hiyo akahamia Newala kukamata nyoka. Alikamata kifutu na koboko wa kijani. Hawa wa kijani aliwatoa juu ya matawi kwa fimbo ndefu yenye kibano, watoto wakitazama kwa mbali. Wenyeji wakamwita Bwana Nyoka, na mtu akiona nyoka nyumbani kwake alijua habari aipeleke wapi. Mwaka 1955, kwenye uwanda wa Rondo, mkoa wa jirani wa Lindi, Ionides alipata komba aliyehesabiwa kuwa wa aina ileile.

Sipendi kumpamba. Alikuwa mtu wa bunduki na chupa za dawa, na kizazi chake kiliamini kwamba njia ya kumjua mnyama ni kumuua kwanza. Lakini watu wa aina yake waliacha kitu ambacho mhifadhi wa leo hawezi kukitengeneza upya hata apewe fedha zote za dunia: ushahidi kwamba kiumbe fulani kilikuwa mahali fulani mwaka fulani. Bila kikaratasi cha Lumsden tusingejua kwamba huenda Nambunga iliwahi kuwa na komba huyu.

Tabu ni kwamba alipewa jina lisilo lake. Wataalamu wa makumbusho walimhesabu kuwa komba wa Demidoff, mdogo wa misitu mikubwa ya Kongo na Afrika Magharibi. Kwa miaka arobaini akawa hana habari ya kumshtua mtu. Komba wa Demidoff wapo wengi huko kwao, wawili watatu walioonekana Tanganyika wangemnyima nani usingizi?

Nani angelaumiwa? Komba wanatatanisha. Ukikaa na wazee wa pwani au wa bara watakuambia komba ni komba, yule mlevi anayenyemelea tembo mnazini mpaka ikazaliwa methali. Usiku unaona macho mawili mekundu, yanaruka, yamekwenda. Rangi zao zinakaribiana, maumbo yanakaribiana. Simon Bearder wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, na wanafunzi wake walilichukua tatizo hili kwa njia ambayo ukishaelezwa unajiuliza kwa nini haikufikiriwa mapema. Komba wenyewe hawatambuani kwa rangi gizani. Wanatambuana kwa sauti. Basi binadamu naye asikilize.

Paul Honess, mmoja wa wanafunzi hao, alikuja kusini mwa Tanzania na kinasa sauti. Mwito wa komba wetu unatoka kwa mapigo mawili mawili yanayoviringika, moja likilikimbiza jingine. Jirani yake, komba wa Grant, anayekaa misitu hiyohiyo, anapanga mwito wake kwa namna nyingine kabisa. Sauti ikigeuzwa picha kwenye karatasi, tofauti inaonekana kama tofauti ya mwandiko wa watu wawili. Ukiongeza mkia wake, ambao manyoya yake yamesimama pande zote kama brashi ya kusafishia chupa, ubishi unaisha. Mwaka 1996 Honess na Bearder wakamtangaza kuwa spishi mpya, na wakampa jina la pale Ionides alipompata: komba wa Rondo. Ndiye mdogo kuliko komba wote wanaojulikana.

Kazi yenyewe haina mbwembwe za filamu za wanyama. Jioni, kabla giza halijashika, mtu anaingia msituni na tochi ya kichwani, kinasa sauti, daftari na betri za akiba. Anatembea polepole kwenye njia iliyokatwa mchana, hatua chache, anasimama, anasikiliza. Mwanga mwekundu ni bora kuliko mweupe, haumkeri mnyama sana. Siafu wanapanda suruali. Akisikia mwito anaandika saa, upande, umbali wa kukisia. Akiona macho anajaribu kuona mkia. Komba wa Rondo anapenda kwenda chini chini, kwenye vichaka na miche, akirukaruka wima kutoka kijiti hadi kijiti akitafuta wadudu na matunda. Mchana analala katika kiota cha majani juu mtini. Kwa hiyo anahitaji vyote viwili: mti wa kulala, na vurugu ya vijiti chini yake. Usiku mwingine mtafiti anarudi kambini alfajiri daftari likiwa jeupe, na jeupe hilo pia ni taarifa, mradi asidanganye kwamba alikuwa macho.

Mwaka 1992 ulifanyika utafutaji wa namna hiyo katika uwanda wa Makonde, kwenye wilaya ya Newala alikotoka komba wa Lumsden. Komba wa Rondo hakupatikana hata mmoja.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Tunaweza kusema hajaonekana. Tunaweza kusema haonekani. Tunaweza kusema hayupo. Mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda Dar es Salaam akakata mawasiliano anajua uzito wa kila neno, na hatakubali umchanganyie. Sayansi ya kutoweka kwa viumbe imejengwa juu ya tofauti hiyohiyo. Kwa kanuni za IUCN, shirika la kimataifa linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, kiumbe huhesabiwa kuwa ametoweka pale tu pasipobaki shaka ya maana kwamba wa mwisho amekufa, na baada ya kutafutwa kwa bidii, mahali panapomfaa, saa na msimu unaomfaa. Mtu mwenye kazi hii anatumia maisha yake kati ya hajaonekana na hayupo, akikataa kusukumwa upande wowote kabla ya wakati.

Akisukumwa mapema yanatokea kama ya mti wa Erythrina schliebenii, ndugu wa mwamba-ngoma, wenye miiba shinani na maua mekundu. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben aliukusanya mkoani Lindi katika miaka ya 1930. Mwaka 1998 ukaandikwa katika orodha kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukakutwa hai Kilwa, katika msitu wa Namatimbili. Halafu msitu ule nao ukaingia katika hatari ya kufyekwa kwa ajili ya mashamba ya mimea ya mafuta, wasiwasi ukarudi, mpaka wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena mwaka 2011. Ndipo walipoukuta pia Karomia gigas, mti mrefu ambao kwa mara ya kwanza ulijulikana kwa shina moja tu katika pwani ya Kenya mwaka 1977, shina ambalo baada ya miaka michache lilikatwa. Fikiria mti umeandikwa marehemu kwenye orodha, na mwekezaji anakuja na ramani ya shamba lake. Nani atampinga kwa jina la marehemu?

Akichelewa nako kuna gharama. Chura wa Kihansi, wa maporomoko ya Udzungwa, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996 wakati mradi wa umeme uko njiani. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefundisha na kutafiti wanyama wa nchi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa miongoni mwa waliomwandika. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha lililomlowesha chura likakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipandishwa ndege kwenda Marekani, bustani ya wanyama ya Bronx. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini, na mwaka 2012 wajukuu wa wale wasafiri wakaanza kurudishwa Kihansi. Hesabu ya gharama sitaigusa. Ninachotaka kusema ni kwamba chura yule alipata bahati moja: alikuwa na shahidi kabla hajaisha. Komba wa Nambunga shahidi wake alikuja kwa ajili ya homa, na alipoondoka hakuja mwingine kwa karibu miaka arobaini.

Miaka hiyo arobaini si midogo kwa uwanda wa Makonde. Mjerumani Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906 alieleza vichaka vilivyofungana hata mtu hapiti bila panga. Simulizi za asili za Wamakonde zinawaambia wakae juu, mbali na maji ya bondeni, na vichaka hivyo vilikuwa ngome yao dhidi ya wavamizi. Hata wakati huo mkulima alikuwa akifyeka, analima mihogo na mtama, anahama, kichaka kinajirudia. Komba aliishi na utaratibu huo. Kilichobadilika ni mwendo: watu wakaongezeka, wakakusanywa katika vijiji vikubwa miaka ya 1970, na mashamba yakaacha kupumzika. Na mkorosho ukaenea.

Sitaukashifu mkorosho. Anayeukashifu hajawahi kulipiwa ada kwa fedha za mnada. Kuanzia Masasi hadi Newala na Tandahimba, ukiona bati jipya, pikipiki, au binti anayekwenda chuo, uliza kwanza bei ya korosho msimu uliopita. Mti wenyewe ni wa kijani mwaka mzima na una kivuli kizito, mgeni akipita kwa gari anaweza kudhani yuko msituni. Lakini shuka, ingia chini yake. Pamefyekwa na kupaliliwa, msimu ukikaribia panafagiliwa kama ua wa nyumba, kwa sababu bibo likianguka na korosho yake lazima lionekane. Shamba zuri ni shamba safi. Na usafi huo ndio unaomfukuza komba wa Rondo, mnyama wa vijiti na vurugu. Mkulima hodari na komba huyu wanapingana juu ya urefu wa mita mbili kutoka ardhini, na wala hawajuani.

Watafiti waliomfuata baada ya Honess, hasa Andrew Perkin aliyefanya kazi na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, walitembea msitu kwa msitu wakisikiliza yale mapigo mawili mawili. Habari njema ni kwamba walimkuta sehemu ambazo hakuna aliyemtarajia, hata Pugu na Pande, karibu kabisa na Dar es Salaam, na Zaraninge mkoani Pwani. Kusini walimsikia Rondo, Litipo, Chitoa, Ruawa, na Ziwani mkoani Mtwara. Habari mbaya iko kwenye kujumlisha. Rondo kilometa za mraba 25. Ziwani 7.7, na sehemu kubwa yake imechakaa. Litipo 4. Pande 2.4. Ukiweka pamoja misitu yote minane iliyojulikana wakati huo, hupati zaidi ya kilometa za mraba 101.6, na baina ya kundi la kusini na lile la kaskazini kuna karibu kilometa 400 ambazo mnyama wa gramu 60 hawezi kuzivuka. Mwaka 2008 aliwekwa katika ngazi ya hatari kubwa kabisa katika orodha ya IUCN, na kuanzia miaka hiyo ametajwa zaidi ya mara moja miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na ndugu zao zilizo karibu zaidi kwisha duniani.

Nambunga haimo katika ile misitu minane.

Ninapoandika haya nakumbuka usiku mmoja Ndanda, kwa mwenyeji wangu, babu wa kule chini ya mteremko. Umeme ulikuwa umekatika, na hilo lilinifaa, kwa sababu friji na redio za jirani zilinyamaza. Kitu kikalia juu ya mwembe, kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu, mara moja, tena, tena. Nikatoka na simu nikarekodi. Kilio kile ni cha komba mkubwa, huhitaji shahada kumjua. Baadaye, kutoka gizani upande wa mlima, kukaja sauti nyingine nyembamba, fupi, ambayo sikuwahi kuisikia. Nilipotazama simu nikakuta nilikuwa nimebonyeza kusimamisha badala ya kuendelea. Nina sekunde arobaini za komba mkubwa na mbwa anayebweka, basi.

"Babu, huyo wa pili ni yupi?"

"Komba."

"Na wa kwanza?"

"Komba vilevile, mjukuu wangu. Wewe umekuja kuwahesabu?"

Nikamweleza habari ya Lumsden, ya Nambunga, ya kikaratasi. Homa aliijua. Mama yake aliugua, akasema, akatembea na fimbo mpaka mvua za mwaka wa pili. Habari ya komba ndiyo iliyomshangaza: mzungu mzima amepanda juu kutafuta dawa ya homa, akarudi na komba? Akacheka peke yake kwa muda. Kisha akauliza huyo mnyama ana ukubwa gani hata aandikwe vitabuni.

Kibarazani kulikuwa na gunia la korosho zilizoachwa kupelekwa ghalani. Nikachota, nikamwekea kiganjani moja moja mpaka zikafika kumi na mbili. Akazipima kwa kuupandisha na kuushusha mkono gizani. Kisha akainama, akazirudisha guniani moja moja, akihesabu, asiniachie hata moja.